Mfereji wa Shangazi Vasugi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Amudha alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia uwanja, kuunyunyizia maji na kuchora nakshi ya unga wa mchele mbele ya mlango. Hiyo aliifanya haraka haraka. Ya pili ndiyo aliyoipenda hasa: kupeleka maji shambani. Baba yake, Chinnusamy, alikuwa akiwasha pampu ya kisimani, maji yakajaa kwenye tangi la saruji, kisha yakaanza kukimbia mferejini. Amudha aliyafuata miguu pekupeku na jembe lake dogo. Alijua wapi pa kukata tuta ili maji yapite na wapi pa kuziba. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini wazee wa kijiji walisema maji yanamsikiliza kuliko mbuzi wake wanavyomsikiliza.

Shamba lilikuwa la babu, na babu alikuwa amekufa bila kuacha wosia. Aliacha shamba moja, nyumba ya vyumba vitatu, kisima kimoja, na watoto watatu. Mkubwa alikuwa Nallasivam, ambaye Amudha alimwita Baba Mkubwa. Wa kati alikuwa Shangazi Vasugi, na wa mwisho Chinnusamy, baba yake Amudha. Karibu na kisima udongo ulikuwa mweusi na laini. Kule juu, upande wa kilima, ilikuwa changarawe na miiba ya mgunga, hata mbuzi walipita wakinung'unika.

Shangazi Vasugi alifiwa na mumewe angali kijana, akarudi kwao. Babu alimpa kipande cha udongo mweusi karibu na kisima, akalima humo vitunguu vidogo vyekundu. Ili kipande kile kipate maji, babu alibeba jiwe jeusi kutoka machimboni, akalichonga mfuo katikati na kulilaza kwenye ukingo wa mfereji mkubwa. Pale ndipo mfereji wa Shangazi ulipoanzia. Miaka ilivyopita, maji yaliulainisha mfuo ule mpaka ukateleza kama kauri.

Babu alipokufa, Shangazi aliomba fungu lake liandikwe kwa jina lake. Kaka yake na mdogo wake wakamwambia kwamba binti hupewa chake siku ya harusi, na yeye aliolewa zamani. Basi akaenda mahakamani mjini Dharapuram. Lo, kijiji kizima kilimsema. Chinnusamy ndiye aliyeumia zaidi, kwa sababu dada huyu ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, na sasa kila tarehe ya kesi alikuwa akimwona ng'ambo ya chumba cha mahakama, upande wa pili. Aliacha kabisa kusema naye. Walipopishana njiani, aliangalia nguzo za umeme.

Siku hakimu alipotoa uamuzi, Chinnusamy alirudi na boksi la vitamutamu viitwavyo laddu, akamgawia kila mtu mtaani, kama ilivyo ada mtu akishinda. Cha kushangaza, Shangazi naye aligawa za kwake. Mahakama ilikuwa imesema watoto wote watatu wana haki sawa, kila mmoja theluthi. Kuhusu nyumba ilisema kila mmoja achukue chumba kimoja, kile kinachofahamika kuwa chake, na Bibi, mjane wa babu, akae katika nyumba hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Wiki ileile Shangazi akahamisha sanduku lake kutoka kwenye banda la ng'ombe, alikokuwa akilala, akaliingiza katika chumba cha kaskazini. Hakuna aliyemzuia, maana tuzo, yaani tamko la mahakama, ilikuwa wazi.

Hapo ndipo Chinnusamy alipopiga hesabu yake. Kama chumba cha dada kimeshakuwa chake, basi na shamba nalo limekwisha kugawanywa. Theluthi ni theluthi. Yeye ndiye aliyekuwa akiitunza pampu, kwa hiyo theluthi yake itakuwa ya kisimani. Baba Mkubwa, mtu wa maneno machache, akachukua upande wa mashariki, nao ulikuwa mzuri, akasema sawa tu. Ikabaki changarawe ya kilimani.

"Chinnu," Shangazi alimwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwita kwa jina lile la utotoni, "wamesema kila mtu ana kiasi gani. Hawajasema nani anakaa wapi."

"Wewe si uliitaka mahakama? Ndiyo hiyo," alijibu akiwa amempa mgongo. "Nenda juu kule ukachague."

Akakata matawi ya mgunga, akazungushia miiba upande wote wa kisimani, vitunguu vya Shangazi vikiwa ndani. Kisha akamwambia Amudha asipeleke tena maji kwenye mfereji wa Shangazi.

Amudha alitii. Alikata udongo mzito kwa jembe lake, akauziba mlango wa maji pale kwenye jiwe, akaukandamiza kwa kisigino. Alipenda kazi yake ifanywe vizuri, na hii nayo aliifanya vizuri. Haikuvuja hata tone.

Baada ya siku chache majani ya vitunguu yalianza kuwa ya manjano nchani. Shangazi akaanza kuchota maji kwenye bomba la kijiji, mtungi kiunoni, akipenya kwenye pengo la ile miiba, akimwagia mstari mmoja mmoja. Kutwa kucha alikuwa akienda na kurudi. Asubuhi moja walikutana uso kwa uso, yeye na mtungi wake, Amudha na jembe lake, na maji tele yakipita katikati yao kwenda kwenye miwa ya Chinnusamy. Amudha alingoja kugombezwa. Shangazi alikiangalia kizibo kile, akasema, "Umeziba vizuri. Babu yako alikufundisha vizuri." Akaenda zake. Siku hiyo shuleni Amudha hakusikia hata somo moja.

Kabla ya Pongal, sikukuu ya mavuno, mjumbe wa mahakama alileta barua. Ilisema kwamba wakili aitwaye Hemalatha ameteuliwa kuwa kamishna wa mahakama, na kwamba atafika baada ya sikukuu pamoja na mpimaji kulikagua shamba na kupendekeza namna ya kuligawa. Chinnusamy aliisoma, akairudia, akakuna kichwa. Kugawa nini tena? Akavaa shati la kutokea, akapanda basi kwenda kwa wakili wake.

Alirudi uso umemshuka. Amudha alikuwa akiwasha moto jikoni, akamsikia akimwambia mkewe, Saroja, kwamba mambo hayajakwisha. Kilichokwisha ni nyumba peke yake. Kamishna atatazama nani amekuwa akilima wapi na nani amekuwa akipata maji wapi, kwa sababu mahakama haipendi kumnyang'anya mtu kipande alichokitengeneza kwa jasho lake.

"Basi dada atapata vitunguu vyake," alisema Saroja. "Kuna ubaya gani?"

"Akipata pale, mstari wa mpaka utapita kisimani. Mimi nitabaki na nini?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa, na Amudha hakuwa amezoea kuisikia hivyo.

Kesho yake baba alimwita kando ya tangi. Alimwambia aufukie mfereji wa Shangazi wote, mpaka pawe sawasawa na shamba, na lile jiwe alizike. Na kamishna akiuliza, aseme hapajawahi kuwa na mfereji pale, kipande kile kinakunywa mvua tu.

Amudha alimtazama. "Lakini Baba, jiwe ni la Babu."

"Silivunji. Nalifukia tu." Kisha akaongeza kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma zaidi: "Bila kisima hiki, mwanangu, utasomeshwa na nini? Nafanya hivi kwa ajili yako."

Saroja alisikia, akatoka jikoni, akasema mtoto asitiwe katika mambo hayo. Chinnusamy akaelekea kwenye pampu. Amudha akachukua jembe. Alichimba shimo, akalisukumia jiwe ndani, akalifunika, akasawazisha tuta lote kwa mgongo wa jembe, na juu yake akapandikiza majani ya ukoka ili udongo usionekane mpya. Hilo la majani hakuagizwa. Lilitoka kichwani mwake mwenyewe, na baadaye ndilo lililomnyima usingizi.

Mwaka ule Pongal haikuwa Pongal. Zamani walipika wali mtamu kwa sukari guru na maziwa katika chungu kimoja, Bibi akikoroga, na chungu kilipofurika wote walishangilia kwa sauti moja. Safari hii palikuwa na mafiga mahali patatu katika uwanja mmoja, na kila chungu kilipofurika, watu wawili watatu tu ndio walioshangilia, tena kwa aibu.

Siku ya pili yake, siku ya ng'ombe, haikuwezekana kugawanya kila kitu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamezoea kukaa pamoja. Waliogeshwa, wakapakwa rangi kwenye pembe, wakavishwa mashada. Ilipofika jioni, Amudha alibeba chungu cha maji yaliyotiwa bizari ya manjano, kama kila mwaka, kuzunguka shamba zima akiyanyunyiza kwa majani ya mwarobaini. Sheria ya nyumba yao ilikuwa kunyunyiza mara moja kwenye kila kona na mara moja kwenye kila mlango wa maji. Bibi alimfuata nyuma ameshika ncha ya skafu yake, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, haoni ila mwanga.

Walipita kona ya mashariki. Walipita mlango wa maji wa Baba Mkubwa. Kisha miguu ya Amudha ikasimama yenyewe. Hakuiambia isimame. Ilikuwa imezoea kusimama pale tangu alipoanza kubeba chungu kile.

"Mbona hunyunyizi?" aliuliza Bibi.

Bibi akatoa mguu mmoja kwenye kiatu, akapapasa chini kwa kidole, taratibu, akilitafuta jiwe. Akapapasa huku, akapapasa kule. Kulikuwa na udongo na majani tu.

"Babu yako alilibeba mgongoni," alisema Bibi, "siku mbili hakuweza kuinuka." Akavaa kiatu chake. Hakuuliza jiwe liko wapi. Alishika tena ncha ya skafu, wakaendelea kuzunguka, na chungu kile kikawa kizito kupita kiasi mikononi mwa Amudha.

Kamishna alifika sikukuu ilipopita. Wakili Hemalatha alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye miwani na kandambili zilizojaa vumbi, na mpimaji wake alibeba mnyororo wa kupimia. Saroja alileta kahawa, Shangazi akaleta kahawa, hata mke wa Baba Mkubwa akaleta yake. Wakili alizikataa zote. Alisema hatakunywa hata maji ya mtu yeyote katika wale watatu mpaka kazi iishe, wasije wakasema kahawa ya fulani ilikuwa na sukari zaidi. Majirani waliokuwa wamejazana wakacheka kidogo.

Alianza kwa kuitazama ile miiba. Akauliza nani aliyeiweka, na kwa ruhusa ya nani.

Chinnusamy akasema mahakama ndiyo iliyotoa tuzo, na yeye amechukua theluthi yake, kama dada alivyochukua chumba chake.

"Kaa chini, kaka," alisema Wakili. "Kaeni wote. Kosa hili nimeliona katika mashamba mengi, afadhali niliseme mara moja." Akaketi kwenye ukingo wa tangi. "Hukumu ni maneno ya hakimu na sababu zake, kwa nini ameamua hivi na si vile. Tuzo ni kile kinachotoka katika hukumu hiyo. Ni tamko rasmi la mahakama linalokata mzizi wa ubishi, likisema nani ana haki gani. Ikishatolewa, mahakama ile haisikilizi tena ubishi huo. Mpaka hapo tuko pamoja?"

Wakaitikia.

"Sasa, tuzo si za namna moja. Iko tuzo ya awali. Hiyo husema haki ziko namna gani, lakini bado kuna kazi imebaki kabla kesi haijafungwa. Iko tuzo ya mwisho. Hiyo humaliza kazi yote, na ndiyo mtu anayoweza kuitekeleza. Na iko ambayo sehemu yake ni ya mwisho na sehemu yake ni ya awali. Yenu ni hii. Kwa nyumba ilikuwa ya mwisho, kwa kuwa vyumba vilijulikana, hapakuwa na cha kupima. Ndiyo maana dada yako aliingia chumbani mwake. Kwa shamba ni ya awali. Imesema theluthi, basi. Haijasema theluthi ya nani iko wapi. Hiyo ndiyo kazi iliyonileta. Mpaka tuzo ya mwisho itoke, kila chembe ya udongo huu ni ya wote watatu. Hata ulipoiweka miiba hii, kaka, uliizungushia ardhi ya dada yako na ya kaka yako."

Chinnusamy aliinamisha kichwa.

Wakazunguka. Mpimaji alivuta mnyororo, Wakili akaandika. Walipofika kwenye vitunguu, ambavyo nusu vilikuwa vimekauka, Wakili akauliza kipande hiki kinapata maji wapi. Shangazi akasema palikuwa na mfereji kutoka pale, akanyoosha kidole. Wakili akatazama. Palikuwa na tuta la ukoka, limenyooka vizuri. Chinnusamy akasema hapajawahi kuwa na mfereji. Baba Mkubwa alipoulizwa, alishika taulo lake begani, akalikunja, akalikunjua, akasema yeye hushughulika na upande wake tu. Bibi angeweza kusema, lakini alikuwa ameachwa nyumbani, na mtu asiyeona angeonyesha nini.

Wakili akaliona jembe dogo mkononi mwa Amudha. "Nani hupeleka maji katika shamba hili?"

"Mimi."

"Basi wewe unaijua mifereji kuliko sisi sote. Palikuwa na mfereji hapa?"

Watu wote wakamgeukia. Amudha alimwona baba yake, na macho ya baba hayakuwa yakimtisha. Yalikuwa yakimwomba.

"Hapakuwa," alisema.

Wakili alimtazama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akamwambia mpimaji waende upande wa kilima. Watu wakaanza kusogea. Shangazi Vasugi hakusogea. Alikaa chini palepale katikati ya vitunguu vyake, si kwa kulia wala kulalamika, akaanza kung'oa vile vilivyokauka kimoja kimoja na kuvirundika kando, kama mtu anayefungasha. Amudha aliona kwamba Shangazi ameamini kwamba yamekwisha. Ameamini kwamba atapelekwa kwenye changarawe, na kwamba aliyempeleka huko ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kusuka nywele.

Roho ilimuuma Amudha hata akasahau kuogopa. Aliwapita watu mbio, akamshika Wakili sari yake kwa mkono wenye matope.

"Nimesema uongo," alisema. "Mfereji ulikuwepo. Njoo nikuonyeshe."

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye tuta, akang'oa ukoka aliokuwa ameupandikiza kwa mikono yake, akaanza kuchimba. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Kilichosikika ni jembe tu, mpaka lilipogonga kitu kigumu. Akapiga magoti, akafagia udongo kwa viganja. Jiwe jeusi likatokea, na mfuo wake katikati, laini kama kauri. Mzee mmoja jirani akasema kwa sauti ya chini kwamba hilo ni jiwe la marehemu, alikuwepo siku lilipoletwa.

Wakili alichuchumaa, akaupitisha mkono kwenye mfuo ule. "Nani alilifukia?"

"Mimi."

"Nani alikutuma?"

Amudha alikuwa tayari kusema uovu wake, lakini huu haukuwa wake peke yake, na aliyeshirikiana naye alikuwa baba yake. Alitazama chini, machozi yakidondokea jiwe.

"Nilimtuma mimi," alisema Chinnusamy. Alikuwa amekuja nyuma yao bila kusikika. "Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia afukie, na mimi ndiye niliyemwambia aseme vile." "Dada, vitunguu vyako nimevikausha mimi."

Shangazi aliinua uso. Alimtazama mdogo wake, akiwa bado ameshika vitunguu vilivyokauka. "Najua, Chinnu," alisema.

Wakili Hemalatha alimwita Amudha kando. Alimwambia kwamba neno lake la kwanza hakuwa ameliandika, kwa kuwa kazi yake ni kuandika anachokiona kwa macho, na kwa macho alikuwa ameona tuta lililonyooka mno. Angerudi kesho yake na kibarua kulichimbua. "Kwa hiyo jiwe ningelipata hata bila wewe," alisema. "Lakini baba yako nisingempata. Huyo umempata wewe." Kisha akarudi kwenye kazi yake, na mpimaji akaanza upya kuvuta mnyororo kuanzia kwenye jiwe.

Jioni ile Chinnusamy aliiondoa miiba yote peke yake, mikono ikimtoka damu, akakataa kusaidiwa. Alipomaliza aliwasha pampu, akakaa kwenye tangi. Amudha akayapeleka maji kwa Shangazi. Yalipita kwenye mfuo wa jiwe, yakauosha, yakaingia katikati ya mistari. Vitunguu vingi vilikuwa vimekwisha kufa. Vichache vilivyobaki vikaamka.

Haikwisha upesi. Kamishna alipeleka ripoti yake, pande zote zikapewa nafasi ya kutoa pingamizi, na tarehe zikasogezwa, kama kawaida ya mahakama. Lakini safari hii walipanda basi moja kwenda mjini, hata kama walikaa viti mbalimbali. Mvua zilikuja zikapita. Tuzo ya mwisho ilitolewa Pongal nyingine ilipokaribia. Shangazi alipewa kipande chake cha vitunguu pamoja na sehemu inayokifuata. Baba Mkubwa alibaki mashariki, Chinnusamy magharibi, na changarawe ya kilimani ikagawanywa mara tatu ili kila mtu aonje uchungu wake. Kisima, pampu na mfereji mkubwa vilibaki vya wote, kwa zamu. Mawe ya mpaka yakawekwa mbele ya kila mtu, na hapakuwa na aliyegawa laddu.

Siku ya Pongal, asubuhi, Chinnusamy alitoka na chungu kikubwa cha zamani, kile cha Bibi, akakitua katikati ya uwanja. Akaenda mpaka mlango wa chumba cha kaskazini, akasimama nje kama mgeni.

"Dada," aliita, "maziwa yako karibu kuchemka. Mama anasema hakorogi mpaka uje."

Bibi hakuwa amesema lolote, lakini Shangazi alitoka.

Jioni ya siku ya ng'ombe, Amudha alibeba tena chungu cha maji ya manjano, Bibi akimshika skafu. Safari hii baba yake naye alifuata. Walipofika kwenye jiwe, Amudha alisimama, lakini hakunyunyiza. Alimgeukia.

"Baba, ungejua tangu mwanzo kwamba mambo hayajakwisha, usingefanya vile?"

Chinnusamy alichuchumaa kando ya jiwe. "Kutojua ndiko kulikonifanya niweke miiba," alisema. "Hilo ni kosa la ujinga, na mtu akielezwa hulirekebisha. Lakini nilipokwisha kujua, ndipo nilipokutuma ulizike jiwe. Hilo halikuwa ujinga, mwanangu. Tuzo ya awali iliniambia dada yangu ana haki sawa na mimi. Pale pale ningetakiwa kuishi kama mtu aliyesikia. Mimi nikasema, kwa kuwa haijasema wapi, basi nichukue nitakapo. Mahakama inaweza kuchukua mwaka kupima ardhi. Haki ya mtu haihitaji mwaka, ukishaijua umeijua. Na usikubali tena mtu yeyote akutume kuizika, hata kama ni mimi."

Bibi alikuwa ametoa mguu wake kwenye kiatu. Kidole kilipapasa mara moja tu, kikaligusa jiwe.

"Nyunyiza, mtoto," alisema.

Amudha akachovya majani ya mwarobaini, akanyunyiza.